Naomba Kuwa Mgeni Nchini Kwangu

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Ulinzi,
Ulinzi House, Barabara ya Lenana,
Nairobi.

KUH: OMBI LA KUSAJILIWA KUWA KIKOSI CHA WAGENI

Mheshimiwa,

Pokea salamu kutoka Nanyuki, ambako mvua imekataa kuja na bei ya unga imekataa kushuka.

Naandika kuomba jambo dogo. Mimi ni Mkenya wa kuzaliwa. Nina kitambulisho, kodi nalipa, na kila uchaguzi hupanga foleni tangu alfajiri. Kwa muda mrefu nilidhani uraia ndio cheo cha juu kabisa ambacho nchi inaweza kumpa mtu. Baada ya kuwatazama majoni, kama tunavyowaita hapa mjini wanajeshi wa Uingereza, nimegundua kuna cheo kingine juu yake: mgeni mwenye mkataba. Naomba kupandishwa hadi hapo. Kitambulisho niko tayari kukirudisha.

Nisije nikaonekana nimekurupuka, nieleze ninachokijua kuhusu cheo chenyewe. Kikosi cha mafunzo cha Jeshi la Uingereza, BATUK, kina makao yake hapa Nanyuki na tawi pale Kahawa. Wanaokaa moja kwa moja ni wachache, ila kila mwaka wenzao huja kwa maelfu, kwa zamu, kufanya mazoezi Laikipia na Samburu, na risasi wanazofyatua ni za kweli. Mwaka 2021 walifungua kambi yao mpya, Nyati, iliyogharimu pauni milioni 70. Wapo kwa mkataba wa ushirikiano wa kiulinzi uliotiwa saini 2015, ukatiwa saini upya 2021, na Bunge letu likauidhinisha 2023. Hakuna aliyevunja mlango kuingia. Najua ndivyo utakavyonijibu, Mheshimiwa, na ni kweli: walibisha hodi, tukaitikia.

Kwa hiyo sitaki kuingia kwenye ubishi wa pale steji ya matatu, ambako kijana mmoja husema kila buti la kigeni ni ubeberu, na mwenzake humuuliza bila majoni nani angemnunulia nyama choma. Wote wawili wananichosha. Jeshi la kigeni linaweza kuingia nchi ya watu kwa heri na likatoka kwa heri. Januari 1964 wanajeshi wa Tanganyika walipoasi katika kambi ya Colito, Mwalimu Nyerere aliwaita Waingereza. Wakaja, wakatuliza mambo. Mwalimu, ambaye jambo lile lilimuuma na wala hakulificha, akaitisha mkutano wa nchi za Afrika ili apatikane wa kuwapokea zamu. Wanaijeria wakaja, Waingereza wakaenda zao. Sisi mwezi huohuo tulikuwa na uasi wetu pale Lanet, na waliotusaidia kuuzima ni Waingereza walewale. Kambi zao walizifunga mwisho wa mwaka ule, lakini mlango wa kuja kufanya mazoezi tukawaachia wazi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tulimpa shamba.

Kipimo changu mimi ni kimoja tu, tena cha kienyeji: huyo mgeni akiitwa na wenye nyumba, huja?

Mwaka 2024 kamati ya Bunge ya Ulinzi, Upelelezi na Mahusiano ya Nje ilikuja huku kusikiliza malalamiko dhidi ya BATUK. Watu walitoka walikotoka, wengine na makaratasi ya hospitali ya miaka mingi yaliyokunjwa ndani ya mifuko ya nailoni, wakasema yao. Kikosi kilipoitwa hakikufika. Kilidai kinga ya kidiplomasia. Kamati ikaandika ripoti yake mwishoni mwa 2025, na humo ikasema kwamba wenyeji wanakiona kikosi hicho kuwa jeshi lililokalia nchi yao kuliko mshirika wa maendeleo. Hayo hayakusemwa na yule kijana wa steji, Mheshimiwa. Yalisemwa na wabunge, na baadhi yao hukaa upande wako.

Basi la kwanza ninaloomba ni hilo: haki ya kutofika. Mimi nikiitwa na chifu kwa ajili ya mbuzi aliyekula kabichi ya jirani, hufika kabla chifu mwenyewe hajafungua ofisi. Tena kuna mji mmoja, sitautaja kwa sababu bado nafanya biashara huko, ambako niliona kanjo, askari wa kaunti, wakimvamia mama anayeuza mayai ya kuchemsha. Risiti alikuwa nayo, ila ya jana. Walitwaa beseni, wakamwaga kachumbari mtaroni, kisha wakasimama kando ya gari lao kumenya mayai na kuyala mmoja mmoja, kwa chumvi yake mwenyewe. Mama alipojaribu kujieleza aliambiwa sheria ni msumeno. Laiti angejua kutamka maneno haya mawili, kinga na diplomasia, huenda angebaki angalau na chumvi.

La pili ni bei ya moto. Machi 2021, majoni wakiwa mazoezini katika vilima vya Lolldaiga, moto ulizuka. Uchunguzi wao wenyewe ulisema ni jiko la kupikia lililopinduka. Maelfu ya ekari yakateketea, wanyama wakakimbilia vijijini, moshi ukakaa siku kadhaa juu ya nyumba za watu, na mtu mmoja akapoteza maisha. Askari mmoja aliandika mtandaoni kwamba wamewasha moto, wameua tembo, wamesikitika, lakini ndiyo hivyo tena. Wakubwa wake walikana habari ya tembo. Ile "ndiyo hivyo tena" sijasikia ikikanushwa.

Wananchi walikwenda mahakamani, hapahapa Nanyuki. Jibu la kwanza walilokutana nalo halikuhusu moshi wala mapafu. Walijibiwa kwamba taifa huru haliwezi kushtakiwa katika mahakama ya taifa jingine. Namshukuru jaji wa Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ambaye mwaka 2022 alikataa hoja hiyo: kwa kutia saini mkataba, alisema, Uingereza ilikuwa imekubali madai ya aina hii yasikilizwe. Mwaka 2025 Waingereza wakakubali kulipa pauni milioni 2.9 kwa watu 7,700 na ushee. Kalamu ninayo hapa, Mheshimiwa. Haifiki pauni 400 kwa mtu, baada ya miaka minne ya kukohoa. Nami nina jiko la makaa nyumbani, na jirani yangu ana ua wa nyasi kavu. Nikilipindua kwa bahati mbaya, naomba masharti hayohayo.

Ya vilipuzi sitayarefusha. Kwa miaka mingi, mabomu ambayo hayakulipuka wakati wa mazoezi yalibaki malishoni, Dol Dol na Archer's Post. Mtoto anayechunga mbuzi haoni bomu, anaona chuma, na chuma kina bei. Wengine walikufa, wengine wakabaki bila mkono au bila macho. Mwaka 2002 Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ilikubali kuwalipa zaidi ya watu 220, Wamaasai na Wasamburu, pauni milioni 4.5. Ilikubali baada ya wakili wa London kuipeleka kesi London. Wakati wote huo sisi tulikuwa na mawakili, na mahakama tulikuwa nazo. Baadaye Waingereza wakatusaidia kuanzisha kituo pale Embakasi cha kufundisha Waafrika kutegua mabomu. Mafunzo mazuri, nasikia.

Kuna mambo mawili nitakayoyataja bila mzaha, halafu nitaendelea na ombi langu. Shirika la Amnesty lilikusanya madai 650 ya ubakaji dhidi ya wanajeshi wa Uingereza nchini humu, ya kati ya 1965 na 2001. Polisi wa jeshi hilohilo wakaja kuchunguza, wakaondoka, na mwaka 2006 faili likafungwa bila mtu hata mmoja kushtakiwa. Sehemu kubwa ya kumbukumbu za vituo vyetu vya polisi, walisema, ni za kughushi. Na mwaka 2012 binti wa miaka 21, mama wa mtoto mchanga, alitoweka baada ya kuonekana na wanajeshi kwenye hoteli moja mjini hapa. Mwili wake ulikuja kupatikana ndani ya tangi la maji taka. Jina lake Nanyuki nzima inalijua. Sitaliingiza kwenye barua ya namna hii. Hakimu alisema mwaka 2019 kwamba aliuawa na wanajeshi wa Uingereza. Hati ya kumkamata mshukiwa mmoja ilitolewa na Mahakama Kuu Septemba 2025. Mtoto yule aliyeachwa akinyonya alikuwa ameshafika umri wa kubalehe.

Sasa, Mheshimiwa, nirudi kwenye anwani yako. Sijui kama hupata muda wa kuitazama. Wizara ya Ulinzi iko Barabara ya Lenana. Huyo Lenana, au Olonana kama wanavyomwita wenyewe, ni laiboni wa Wamaasai ambaye jina lake limo katika mkataba wa 1904 na Waingereza. Kwa mkataba ule Wamaasai waliondolewa Bonde la Ufa, wakapewa maeneo mawili, moja likiwa Laikipia hii. Iliandikwa kwamba yangekuwa yao maadamu kabila lao lipo duniani. Kabila liliendelea kuwepo, ardhi ikapendwa na walowezi. Mwaka 1911 ukaandikwa mkataba mwingine, nao wakahamishwa kutoka Laikipia kwenda kusini, na ng'ombe na kondoo na wazee wao. Wapo waliofia njiani.

Kiongozi wao, Ole Gilisho, na wenzake hawakushika mikuki. Walitafuta mawakili, wakaenda mahakamani. Mwaka 1913 Mahakama Kuu ya Himaya ya Afrika Mashariki iliwapa jibu ambalo natamani lingeandikwa kwa wino wa dhahabu kwenye lango la wizara yako: Wamaasai, ilisema, ni taifa la kigeni mbele ya Mfalme wa Uingereza. Mikataba yao ni mikataba baina ya mataifa, na mahakama haina mamlaka ya kuingilia mambo ya mataifa. Rufaa nayo ikatupwa. Watu waliokuwa wakiswagwa kutoka malishoni kwao kwa amri ya gavana waligeuzwa taifa huru, kwa siku moja tu, ya kushindwa kesi.

Laikipia ikagawanywa kuwa mashamba makubwa ya walowezi. Baadhi ya mashamba hayo leo ni hifadhi za wanyama, na baadhi ya hifadhi hizo hukodishwa kwa mazoezi ya kijeshi. Lolldaiga ni mojawapo. Ndipo Wakenya waliovuta moshi walipokwenda kushtaki 2021 wakaelezwa habari ya mataifa huru, mikataba, na mahakama isiyo na mamlaka. Mwaka 1913 mwananchi alishindwa kwa sababu yeye alikuwa mgeni. Mwaka 2021 nusura ashindwe kwa sababu mgeni ni yule mwingine. Ukiniuliza ubeberu ni nini, sitakuonyesha bunduki wala bendera. Nitakuonyesha kesi hizi mbili, kisha nikuombe unitajie mtu aliyekuwa na bahati zote mbili.

Ukiingia Nanyuki kutoka Nairobi utakikuta kibao cha Ikweta. Hapo huwa kuna jamaa mwenye jagi lenye tundu, beseni na njiti za kiberiti. Anawapeleka watalii hatua ishirini kaskazini, anamimina maji, njiti zinazunguka upande huu. Anawavusha hatua ishirini kusini, zinazunguka upande ule. Wanapiga makofi, wananunua cheti. Mwalimu yeyote wa fizikia atakwambia hatua ishirini haziwezi kuyageuza maji. Kinachoyageuza ni namna jamaa anavyopinda kiwiko akimimina. Sasa lango la kambi ya Nyati nalo lina ikweta yake. Upande wa nje sheria huzunguka hivi, mama wa mayai ananyang'anywa beseni. Upande wa ndani huzunguka vile, hata wito wa wabunge hauitikiwi. Tunaambiwa ni nguvu za asili, ni diplomasia, ndivyo dunia ilivyo. Mimi naangalia kiwiko, Mheshimiwa, na mara nyingi nakiona kimevaa koti la Nairobi.

Maana Waingereza siwalaumu sana. Ukipewa nyama na kisu, utakula. Wanajenga darasa hapa, wanachimba kisima pale, wanaajiri vijana wetu, na jeshi letu hufaidi mafunzo yao. Hata wao wenyewe wana aibu kidogo: mwaka 2025 wizara yao ilitoa ripoti ikikiri kwamba ununuzi wa ngono bado unaendelea miongoni mwa askari walioko Kenya, ingawa umepigwa marufuku jeshini. Wizara yako ilichunguza lini na kumkuta nani? Tazama wenyeji wengine wa majeshi ya kigeni. Djibouti, nchi ndogo kuliko baadhi ya kaunti zetu, imewapangisha Wamarekani, Wafaransa, Wajapani, Waitaliano na Wachina, wote kwa pamoja. Kodi ya kambi moja tu ya Wamarekani, kwa mkataba wa 2014, ilikaribia dola milioni 63 kwa mwaka. Uhuru wao wameuweka sokoni, sawa, lakini angalau bei wanaijua. Rafael Correa, alipokuwa rais wa Ekuado, aliwaambia Wamarekani mwaka 2007 kwamba wanaweza kubaki na kituo chao cha Manta iwapo Ekuado nayo itapewa kituo Miami. Mwaka 2009 Wamarekani walikuwa wamefungasha. Mimi siombi kambi ya jeshi letu, KDF, pale Wiltshire, Uingereza. Baridi ya huko itawaua vijana wetu, na sidhani kama wakulima wa kule watakubali fidia ya pauni 400.

Kabla hujaniita mchochezi, nakubali kwamba na sisi tuna mabuti yetu ugenini. Oktoba 2011 tulivuka mpaka wa Somalia, na baadaye tukaingia katika kikosi cha Umoja wa Afrika. Kwa makubaliano ya kikosi hicho, askari wetu akikosea Kismayu huhukumiwa kwao. Huenda sasa hivi kuna mfugaji wa Gedo anaandika barua kama hii kwa Kisomali, akimweleza waziri wake habari za wageni wenye bendera nyeusi, nyekundu na kijani. Juni 2024 tukawapeleka polisi Haiti, na wiki hiyohiyo wenzao walikuwa wakiwafyatulia risasi vijana wetu mjini Nairobi. Nilipoliona hilo nilielewa kwamba cheo cha mgeni ni kitamu hata kwetu, na kwamba ombi langu si la ajabu kama lilivyonijia mwanzoni.

Masharti yangu, basi, ni mepesi. Sitadai kambi ya pauni milioni 70. Chumba changu cha mabati kinatosha, ukinipa bango la kuandika "Eneo la Kijeshi". Nikikamatwa nikiwa kazini, nihukumiwe na mamangu mzazi, ambaye anajua nia yangu ilikuwa njema. Kama nilikuwa kazini au la, niamue mwenyewe. Kila miaka mitano nitakuja Nairobi kutia saini upya, tupige picha, tusifu urafiki wetu wa kihistoria, kisha nirudi Nanyuki kuendelea na mazoezi.

Endapo ombi hili litakataliwa kwa sababu mimi ni raia, naomba sababu hiyo iandikwe kwenye barua yenye muhuri. Nimeshazungumza na wakili. Anasema kwa karatasi hiyo tunaweza kwenda mahakamani, ila kwanza bado anatafuta mahakama yenye mamlaka.

Kwa sasa napatikana hapahapa. Kamati ya Bunge ikija tena na kuniita, nitafika mapema. Kibali cha kutofika sijapata.

Wako mtiifu, kwa kukosa njia nyingine,

Mwananchi,
Nanyuki.